Uvimbe uko kulia, kwa nini madaktari wapitie shavu la kushoto?

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 54. Miezi saba iliyopita alianza kuona vitu viwiliviwili, hasa akitazama upande wa kulia. Alibadilishiwa miwani mara mbili bila nafuu. Mwishowe picha ya MRI ilionyesha uvimbe kwenye sakafu ya fuvu, kwenye 'ncha ya mfupa wa petrosi upande wa kulia, ukigusa klivasi'. Ripoti inasema huenda ni kondrosakoma au kordoma. Madaktari wawili, mmoja wa pua na mwingine wa ubongo, wanasema watautoa kwa kamera kupitia puani, halafu watafungua njia nyingine juu ya fizi, kwenye shavu la KUSHOTO. Baba mdogo anasema hapo pana makosa, maana uvimbe uko kulia. Anaona heri wapasue fuvu waone vizuri, au mama apigwe mionzi tu, kisu tuachane nacho. Mimi ndiye ninayetakiwa kutia sahihi na sijalala siku tatu. Je, wamechanganya pande?"

Marahaba, mwanangu. Pole sana wewe na mama.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa maelezo uliyoniandikia, hawajachanganya pande. Kupitia shavu la kushoto ili kuifikia ncha ya petrosi ya kulia ni njia inayojulikana katika upasuaji wa sakafu ya fuvu. Wameichagua wakijua vizuri kwamba uvimbe uko kulia. Sitaki uniamini kwa sababu tu mimi ni daktari, kwa hiyo chukua karatasi na kalamu tuone pamoja.

Chora herufi X kubwa. Chukulia kwamba unakitazama kichwa cha mama kutoka juu, uso wake ukielekea upande wa juu wa karatasi. Mguu wa chini wa kulia wa hiyo X ndio mfupa wa petrosi wa kulia. Mfupa huu ndio unaobeba sikio la ndani, na ni kati ya mifupa migumu kuliko yote mwilini. Unaanzia nyuma, sikioni, unakuja ndani na mbele kwa mshazari, na ncha yake inaishia karibu na katikati ya kichwa. Sasa ufuate mstari huohuo bila kuukunja, uendelee mbele. Umevuka katikati. Umetokea wapi? Kwenye mkono wa juu wa kushoto, mahali lilipo shavu la kushoto.

Bado kuna jambo moja. Weka nukta nene kulia kwa makutano ya X, mbele kidogo ya ncha ya petrosi. Hiyo nukta ni mshipa wa karotidi, mmoja kati ya mishipa mikuu inayopeleka damu kwenye ubongo. Hapo unapanda kandokando ya klivasi, ule mfupa wa katikati ulio mbele ya shina la ubongo, sehemu inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo. Sasa chora mstari kutoka tundu la kulia la pua kwenda kwenye ncha ya petrosi. Kalamu inagonga nukta. Chora mwingine kutoka shavu la kushoto. Unapita nyuma ya nukta bila kuigusa.

Jibu la baba mdogo limo kwenye hiyo karatasi. Sisi hatuchagui njia kwa kuangalia upande uliko uvimbe. Tunaangalia ni nini kimesimama kati yetu na huo uvimbe. Kama ni mshipa wa karotidi, au ni neva, tunatafuta mlango mwingine hata kama uko mbali zaidi.

Pengine utauliza: kamera za siku hizi si zinaona hadi kwenye kona? Ni kweli. Endoskopi tunayotumia ni bomba jembamba la milimita 4 hivi, na tuna za lenzi ya kuangalia mbele moja kwa moja na nyingine za lenzi iliyoinama digrii 30, 45 hata 70. Kwa hiyo ya 70 naweza kuona uvimbe ulio nyuma ya karotidi huku nimeingilia puani. Shida ni kwamba jicho linapinda, mkono haupindi. Drili haipindi hivyo, na hata kile kifaa cha kunyonya damu ukikikunja sana unapoteza nguvu na uhakika wa kinachogusa. Kuuona uvimbe usioweza kuufikia kwa mkono ulionyooka ni hatari, kwa sababu mtu anashawishika kuvuta. Na kitu kilichoshikamana na karotidi hakivutwi. Njia ya shavu inampa daktari mkono ulionyooka, unaokwenda karibu sambamba na sehemu ya karotidi iliyolala ndani ya mfupa wa petrosi. Badala ya kuuelekea mshipa uso kwa uso, unapita pembeni yake.

Jeraha lenyewe ni dogo, na usoni hakuna kovu. Mdomo wa juu unainuliwa, fizi inakatwa kidogo juu ya meno, kisha linafunguliwa tundu kwenye ukuta wa mbele wa chumba cha hewa kilichomo ndani ya shavu. Mlango huu ni wa zamani. George Caldwell wa Marekani aliueleza mwaka 1893 na Henri Luc wa Ufaransa mwaka 1897, wote wakitibu usaha wa vyumba vya hewa vya uso. Kilichokuja miaka ya karibuni ni kuutumia kufika mbali zaidi, ng'ambo ya pili ya fuvu. Bei yake ni ganzi ya shavu, mdomo wa juu au meno ya juu upande wa kushoto. Mara nyingi huisha baada ya wiki au miezi, lakini si kwa kila mtu, na mama anapaswa kuambiwa hilo kabla ya upasuaji.

Nirudi kwenye macho, kwa sababu miezi ile ya miwani naona bado inawauma. Mwambie mama afunike jicho moja, lolote. Kama picha ya pili inatoweka, basi kila jicho peke yake ni zima, tatizo ni kwamba hayatazami mahali pamoja, na hilo haliponi kwa miwani ya kusomea. Msuli unaoligeuza jicho nje, kuelekea sikioni, unaamrishwa na neva ya sita. Neva hii inatoka kwenye shina la ubongo, inapanda nyuma ya klivasi, kisha inapinda juu ya ncha ya petrosi ikipita kwenye mfereji mwembamba uitwao mfereji wa Dorello. Ni sehemu yenye nafasi finyu. Uvimbe ukikua hapo, neva ya sita mara nyingi ndiyo ya kwanza kubanwa. Ndiyo maana mama huona viwili akitazama kulia: jicho la kulia limeshindwa kugeuka nje. Msijilaumu kwa miezi iliyopita. Uvimbe huu ni adimu kiasi kwamba madaktari wengi hustaafu bila kukutana nao hata mara moja.

Kuhusu aina yake, kordoma hutokana na mabaki ya notokodi, ugwe unaotangulia uti wa mgongo mtoto akiwa bado tumboni. Hupatikana kwa mtu kama mmoja katika kila milioni kwa mwaka, na ile ya sakafu ya fuvu kwa kawaida huanzia katikati, kwenye klivasi. Kondrosakoma inatokana na seli za gegedu, na hupenda pembeni, pale petrosi inapokutana na klivasi. Maelezo ya mama yanaelekea zaidi huku kwa pili, jambo ambalo lingekuwa afadhali, kwa kuwa kondrosakoma ya eneo hili kwa kawaida hukua polepole na matokeo yake ya muda mrefu ni mazuri kuliko ya kordoma. Lakini picha haitoi hukumu. Hukumu inatoka maabara baada ya kipande kupimwa, na hiyo peke yake ni sababu mojawapo ya upasuaji.

Sasa hoja ya baba mdogo kwamba heri wafungue fuvu. Naiheshimu, kwa sababu kwa miongo mingi ndivyo ilivyofanyika na bado inafanyika. Kuna njia ya pembeni, juu ya sikio, ambapo fuvu linafunguliwa, ubongo wa upande huo unainuliwa kidogo na ncha ya petrosi inachongwa. Takeshi Kawase wa Japani aliieleza mwaka 1985 na inabeba jina lake hadi leo. Ni njia nzuri kwa uvimbe ulioko nyuma na pembeni, ule ambao neva zimebaki mbele yake. Lakini uvimbe ulioanzia ndani ya mfupa, pale petrosi inapokutana na klivasi, kama unavyoonekana kuwa wa mama, huwa unazisukuma neva nyuma na pembeni. Ukija kutoka pembeni, unakutana na neva kwanza, uvimbe baadaye, na inabidi ufanye kazi kwenye vijinafasi kati ya neva na neva. Ukija kutoka mbele, unakutana na uvimbe kwanza. Unautoa kutoka ndani kwenda nje, na neva unazikuta mwishoni, zikiwa nyuma ya kazi yako. Mimi ningekuwa natibu mgonjwa mwenye picha kama unavyoieleza, ningeanza kutoka mbele pia. Ila nisikufiche: kama sehemu ya uvimbe imekwenda mbali sana pembeni, kuelekea sikioni, huenda ikabaki, na wakati mwingine njia ya pili ya pembeni hufanyika siku nyingine. Waulizeni hilo waziwazi: mnatarajia kuutoa wote, au mnatarajia kubakiza kipande, na kitabaki wapi?

Ipo pia njia mpya zaidi ya kupitia pembeni mwa jicho, kwenye mkunjo wa kope. Inafaa maeneo mengine ya jirani. Kwa uvimbe unaogusa klivasi singeiweka mbele.

Na msidanganyike na neno "puani" mkadhani ni upasuaji mdogo. Matundu ni yaleyale aliyotupa Mungu, lakini ndani ni kazi kubwa ya saa nyingi, chini ya nusukaputi, na madaktari wawili wakifanya kazi bega kwa bega. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba daktari wa pua hana kazi ubongoni, mwambie kwamba bila yeye hatufiki. Yeye ndiye anayefungua njia na kushika kamera, na wa ubongo anafanya kazi kwa mikono miwili. Mfupa unachongwa kwa drili yenye kichwa cha almasi, huku maji yakimiminwa ili joto lisiunguze neva. Tunapokaribia karotidi hatutegemei macho peke yake. Kuna ramani ya kompyuta iliyotengenezwa kutoka kwenye picha zake za CT na MRI, inayoonyesha ncha ya kifaa iko wapi. Pia tunagusisha kalamu ya dopla juu ya mfupa, tukisikiliza. Pale pasipo na mshipa kuna kimya. Ukisogea milimita mbili tatu unasikia damu, shuu, shuu, shuu, kwa mapigo ya moyo wa mgonjwa, na chumba kizima kinanyamaza. Hapo ndipo tunapojua ukuta wa mshipa uko wapi kabla hatujauona.

Sasa hatari, maana mtia sahihi lazima azijue. Ya kutisha zaidi ni kutoboka kwa karotidi. Si jambo la kila siku: katika mfululizo mmoja mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 2000 wa upasuaji wa sakafu ya fuvu kupitia puani, uliochapishwa mwaka 2013, ilitokea kwa asilimia 0.3. Lakini kwa uvimbe wa jamii ya mama, kordoma na kondrosakoma, ilifika takriban asilimia 2, kwa sababu uvimbe wenyewe umelalia mshipa. Ikitokea inaweza kuleta kiharusi au kifo. Ndiyo sababu swali la maana kuliko swali la upande ni hili: damu ya karotidi ikitoka, mtafanya nini, na mtaalamu wa kuziba mishipa ya damu kwa mirija yupo jengo hilohilo siku hiyo? Timu iliyozoea kazi hii itakujibu bila kusita na bila kukasirika. Kusitasita kwao kungenifanya nitafute maoni ya pili.

Hatari inayotokea mara nyingi zaidi ni kuvuja kwa maji ya ubongo kupitia puani. Kama uvimbe umepenya utando mgumu unaofunika ubongo, kuutoa kunaacha tundu kati ya pua na ubongo, na vijidudu wakipanda hapo huleta homa ya uti wa mgongo. Zamani hili ndilo lililowafanya wengi waiogope njia ya puani. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2006, pale madaktari Hadad na Bassagasteguy wa Rosario, Argentina, walipochapisha na wenzao jinsi ya kutengeneza kiraka kutoka kwenye ngozi laini inayofunika ukuta wa kati wa pua. Kiraka hicho hakikatwi kikatengana kabisa na pua. Kinaachwa kikiwa kimeshikwa na mshipa wake mdogo wa damu, kinageuzwa kama ukurasa wa kitabu na kulazwa juu ya tundu. Kwa kuwa kina damu yake, kinapona haraka. Kwa matundu makubwa, baadhi ya timu huongeza mrija mgongoni wa kupunguza shinikizo kwa siku chache. Jaribio moja lililogawa wagonjwa 170 kwa bahati nasibu lilionyesha uvujaji wa asilimia 8 kwa waliowekewa mrija na asilimia 21 kwa wasiowekewa. Na kiraka kinavujisha? Kuna wakati ndiyo, na mgonjwa anarudishwa chumba cha upasuaji kukirekebisha.

Neva ya sita nayo inaweza kuzidiwa kwa muda baada ya kuguswa, kwa hiyo msishtuke mama akiona viwili zaidi wiki za mwanzo. Ikiwa haijabanwa muda mrefu mno, ina nafasi nzuri ya kurudi, lakini huchukua miezi. Hakuna daktari mkweli atakayewaahidi.

Imebaki mionzi. Wazo la "mionzi tu" lina mantiki, ila kwa uvimbe huu halitoshi. Kordoma hasa ni sugu, inahitaji dozi kubwa, kwa kawaida zaidi ya Gy 70 (Gy, yaani gray, ni kipimo cha dozi ya mionzi). Shina la ubongo lililo milimita chache nyuma yake haliwezi kuvumilia dozi hiyo. Mipaka yake ni karibu Gy 54 hadi 60. Uvimbe ukiwa umeegemea shina la ubongo, daktari wa mionzi analazimika kuchagua kati ya kuuacha uvimbe na kuliunguza shina. Upasuaji unapunguza mzigo na kuacha pengo, na pengo hilo hata likiwa dogo ndilo linalomruhusu kupiga dozi inayofaa. Mionzi ya protoni inasaidia zaidi kwa kuwa nguvu yake inaishia ndani ya eneo lililolengwa, haiendelei nyuma sana. Kwa hiyo mionzi inaweza kuja baada ya kisu, hasa ikithibitika ni kordoma au kipande kikibaki. Ombeni daktari wa mionzi azione picha kabla ya upasuaji, asisubiri baada.

Kuhusu sahihi, kama mama ana akili zake timamu, sahihi ni yake. Wewe kaa pembeni yake umshike mkono. Na siku ya upasuaji, kabla ya kisu, timu nzima husimama na kusoma jina la mgonjwa, aina ya upasuaji na upande, kufuatana na orodha ya usalama iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Mnaweza kuomba msomewe mapema, na iandikwe wazi: uvimbe kulia, njia ya nyongeza kushoto. Ukiona imeandikwa tofauti, hapo piga kelele.

Akisharudi wodini na baadaye nyumbani, asipenge kamasi wala asiinamishe kichwa kuinua mizigo hadi aruhusiwe. Chafya ikimjia aitoe mdomo wazi. Apewe dawa ya kulainisha choo, maana kukakamua kunasukuma kiraka. Pua itaziba na kutoa magamba kwa wiki kadhaa, na harufu hatazisikia vizuri. Akianza kutokwa na maji meupe kama ya kunywa puani, hasa akiinama, au ladha ya chumvi kooni isiyokatika, au homa yenye shingo kukakamaa, au damu nyingi puani hata kama wiki zimepita, asisubiri tarehe ya kliniki. Mrudisheni hospitali siku hiyohiyo.

Vivyo hivyo kabla ya upasuaji: uwezo wa kuona ukishuka ghafla, akianza kupaliwa na maji au chakula, mguu au mkono ukiishiwa nguvu, au kichwa kikiuma vibaya pamoja na kutapika na usingizi usio wa kawaida, hiyo ni dharura. Mimi nimesoma maneno yako tu, sijaona picha zake wala kulishika jicho lake. Mkitaka maoni ya pili, na mna haki nayo, bebeni CD yenye picha zenyewe za MRI na CT. Ripoti ya karatasi haionyeshi karotidi imekaa vipi.

Kwa sasa mwekeeni kitambaa au kifuniko kwenye jicho moja wakati wa kutembea, hasa kwenye ngazi, kwa kuwa mtu mwenye kuona viwili hukanyaga ngazi isiyokuwepo. Na ile karatasi yenye X mpeleke baba mdogo, umchoree mwenyewe. Nipe habari mkishazungumza na madaktari wake, na msalimie mama.